Alinionya Huku Akicheka, Gurudumu Likachukua Mguu Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na mitatu, nina mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume, na mguu mmoja. Ule wa pili ulikatwa chini ya goti hospitalini Tabora mjini kwa sababu ya gurudumu la ndege... Ndiyo, ndege! Si lori, si gari moshi. Ndege ya abiria, tena ikiwa imesimama chini, injini zimezimwa, abiria wameshuka wananyoosha migongo.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne katika shule ya misheni, kwa hiyo mkikuta maneno yangu yamepinda mnivumilie. Nina desturi ya kuandika kidogo kila jioni yaliyonipata mchana. Mkasa huu nimeuandika mara nyingi nikauchana. Mara naona nimemwonea mtu. Mara naona nimejidhulumu mwenyewe. Leo sichani. Nina hasira, wasomaji wenzangu! Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi! Lakini nitajitahidi nisimsingizie mtu hata neno moja, maana mtu mwenye haki akisema uongo kidogo, haki yake yote inaoza.

Jina langu ni Maganga, mzaliwa wa Goweko. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu mpaka pwani, na nchi ya mwisho kupita kabla ya kuiona bahari ilikuwa nchi ya Wazaramo. Huko walipigana, wakapatana, wakagawiana chakula, wakazikana. Ndipo ukazaliwa utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, na sisi wajukuu tumeurithi.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ucheke. Anaweza kuingia kwako akabeba kuku, nawe umsindikize. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Na neno la mtani halipelekwi barazani. Mtani hashitakiwi! Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na nilikuwa naona ni jambo zuri. Hata sasa sisemi kwamba utani wote ni mbaya...

Kabla ya mambo ya ndege nilikuwa taniboi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja, njia ya Nzega na Igunga. Tulibeba karanga, pamba, ngozi, na watu juu ya mizigo. Kazi ya taniboi ni kupanga mizigo, kuweka kigogo nyuma ya tairi mlimani, na breki zikipata moto, kuruka chini na ndoo ya maji na kumwagia magurudumu. Maji yakilia chwaaa na mvuke ukipanda, dereva anafurahi, safari inaendelea. Nililifanya hilo miaka yangu yote ya ujana. Mikono yangu ililijua jambo hilo kuliko kichwa changu.

Kisha nikapata kazi kwenye kiwanja cha ndege nje kidogo ya mji wa Tabora. Tulikuwa vibarua wachache. Tulifyeka majani, tulifukuza ng'ombe, tulishusha mizigo, na ndege ikisimama tuliweka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Mke wangu, Mama Luka, alijivunia sana. Kisimani alikuwa akisema mume wake anashika ndege kwa mkono. Nami nilikuwa nanyamaza, lakini rohoni nilikuwa nimevimba kama andazi!

Aliyekuwa mkuu wa kiwanja alikuwa Mzungu, tukimwita Bwana Uwanja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika, cha "wewe kwenda, wewe leta". Kwa hiyo kampuni ya ndege ikamletea nyapara kutoka Dar es Salaam, mtu aliyefanya kazi huko na mafundi wa ndege na kujifunza mambo ya magurudumu, breki na mafuta. Bwana Uwanja akatukusanya akasema, huyu atafundisha ninyi, msikilize yeye. Nyapara huyo aliitwa Kondo. Mzaramo.

Siku ile ile ya kwanza, alipoambiwa mimi ni Mnyamwezi, alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kumbe ndio hawa!" akasema. "Shingo zimekaa kimpagazi! Bwana, huyu mwongezee mzigo, ukimpa mwepesi anaugua."

"Na wewe Mzaramo," nikamjibu, "umefikaje huku hakuna ngoma? Nani amekukokota?"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo tukawa kama ulimi na meno. Jumapili nikitoka kanisani namkuta kwangu ameshakaa, ameshafunua chungu. Alichukua jogoo wangu, alichukua kofia yangu, alimwambia Mama Luka aniache aolewe na mtu wa pwani mwenye kuoga. Mama Luka alikuwa akimpiga kwa mwiko huku akicheka. Nilimpenda yule mtu. Nitakataaje? Nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu...

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mfupa.

Kondo alipewa kazi ya kutufundisha hatari za gurudumu la ndege. Na alizijua! Alijua kwamba ndege ikitembea sana chini kabla ya kuruka, hasa upepo ukiipiga ubavuni, rubani hulazimika kukanyaga breki ya upande mmoja ili isigeuke kama kishada. Breki ile inashika moto. Alijua kwamba moto huo hauishi ndege ikisimama, bali unaendelea kupanda polepole kutoka kwenye chuma kuingia kwenye ringi na kwenye mpira, na upepo uliomo ndani unavimba. Alijua kwamba gurudumu la namna hiyo haliguswi. Linaachwa lipoe lenyewe. Husimami ubavuni mwake. Ukilazimika kulikaribia, unapitia mbele au nyuma. Na maji... maji hayamwagwi kabisa! Chuma chenye moto kikipata maji ya baridi kinapasuka, na upepo wote uliofungiwa humo unatoka na vipande vya chuma kama risasi.

Haya yote nimeyajua sawasawa nikiwa kitandani hospitalini, kwa fundi mmoja wa ndege aliyekuja kunitazama. Alinieleza kwa muda mfupi tu, uso wake umekauka, kidole juu. Nikaelewa kila neno. Muda mfupi tu, wasomaji!

Je, Kondo hakutuambia? Alituambia. Hapa lazima niseme kweli hata kama inaniuma. Lakini alituambiaje?

Alituambia hivi: "Ninyi wabeba pembe, mkiliona gurudumu linanuka, msilisogelee ubavuni, litawatoa matumbo nije nile ubwabwa wa matanga!" Tukacheka. Siku nyingine akasema, "Maganga, wewe ukifa na ndege nitamrithi Mama Luka, kwa hiyo tafadhali, mwagia maji, mwagia sana!" Tukacheka. Siku nyingine alilala chini akajifanya maiti ya Mnyamwezi aliyepigwa na ringi, ulimi nje, akamtuma mwenzetu mmoja alie kama shangazi yangu. Tulicheka mpaka machozi!

Hata siku moja hakutusimamisha akasema: ndugu zangu, sasa naweka utani kando, hili ni la kweli. Hata siku moja! Na sisi mtani akituambia utakufa, tunamjibu utatangulia wewe. Ndivyo inavyojibiwa. Hakuna mtoto wa Kinyamwezi anayekwenda nyumbani akiwaza maneno ya mtani.

Tena lilitokea jambo moja lililonidanganya zaidi. Siku moja ndege ilitua vizuri, ikatembea mpaka mbele ya ofisi, ikasimama. Abiria wakanywa chai. Walipokuwa wanamaliza, tukasikia ssssss... Tairi la kushoto likanywea polepole mpaka bawa likainama upande mmoja kama kuku mgonjwa. Hakuna aliyeumia. Rubani alikasirika, fundi akaja na gari moshi, abiria wakalala mjini. Mimi nikajiambia, kumbe basi ni hivyo tu! Breki ikipata moto mpira unanywea, ndege inachelewa, Wazungu wananuna. Kondo alikuwapo. Angeweza kusema: leo limenywea, siku nyingine litapasuka. Alisema nini? Alisema tairi limemwona Maganga likazimia kwa harufu ya ugoro.

Tukacheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, vumbi jekundu, upepo unatoka mashariki bila kupumzika. Ndege ya injini mbili ilikuwa inaondoka imejaa. Ikatembea mpaka mwisho wa kiwanja, mbali, upepo unaipiga ubavuni njia nzima. Kufika kule, ng'ombe wakakatiza. Rubani akangoja, wachungaji wakawaswaga. Alipotaka kuruka injini moja ikakohoa. Akarudi. Akaijaribu injini, ikatulia, akaenda tena. Ikakohoa tena. Akarudi tena. Safari zote hizo ndege haikuinua gurudumu, inatambaa tu chini, breki ya kulia inakanyagwa na kuachwa, inakanyagwa na kuachwa...

Iliposimama mbele yetu ilikuwa inanuka kama kwato inayochomwa. Abiria wakashushwa. Rubani akapanda kwenye bawa kutazama injini. Bwana Uwanja alikuwa ndani ya ofisi anaongea kwa redio. Kondo alikuwa kivulini mwa gari la mafuta, anavuta sigara yake... la, nisimsingizie. Sigara haikuwashwa, hairuhusiwi pale. Alikuwa ameishika tu.

Nikaona moshi mwembamba unatoka kwenye gurudumu la kulia.

Ningefanya nini? Mtu aliyekuwa taniboi miaka yote hiyo? Niliona gurudumu linatoa moshi, na karibu yangu kulikuwa na pipa na ndoo. Mikono ikajaza ndoo yenyewe. Niliona nafanya kazi nzuri. Niliona Bwana Uwanja atanisifu!

Kondo akapaza sauti, "Wee mbeba pembe! Ukilimwagia maji hilo, mguu wako utafika Goweko kabla yako!"

Na alikuwa anacheka.

Nikamjibu, "Nyamaza, mla nazi! Kazi imekushinda, umebaki na mdomo!" Wenzangu wakaangua kicheko. Nikasimama ubavuni, nikamwaga.

Sikusikia mlio. Wengine wanasema ulisikika mpaka sokoni. Mimi nilisikia kicheko cha Kondo kikikatika katikati, kama uzi. Kisha nikaona mbingu, na vumbi, na ndege imeinama upande kama inataka kunilalia. Nikajaribu kusimama, nikaona siwezi, nikakasirika na mguu wangu kwa kuwa mvivu. Nilikuwa bado sijautazama.

Bwana Uwanja alinibeba yeye mwenyewe. Lazima niliseme hilo. Alinilaza kwenye gari lake na damu yangu ikaharibu viti vyake, na njia nzima alikuwa anasema "pole, pole, pole", labda kwa sababu ndilo neno alilolijua zaidi. Hospitalini walinikata. Nilipozinduka Mama Luka alikuwa ameketi chini, ameshika kiatu changu kimoja, hajui akiweke wapi.

Kondo alikuja siku zilizofuata. Hakutania. Alikaa pembeni ya kitanda ameshika kofia, akalia. Machozi ya kweli, niliyaona! Akaniambia anakuja bwana mkaguzi kutoka Dar es Salaam kuuliza maswali. Akaniambia kwamba kama ajali itaonekana si kosa langu, Bwana Uwanja amekubali nibaki kiwanjani kama mtunza taa, kazi ya kukaa, na chumba changu cha kampuni kisiguswe. Lakini ikionekana nilionywa nikakaidi, basi, nje.

"Usiwe na wasiwasi, mtani," akasema. "Nitaeleza yote. Nitasema niliwaambia kwa mzaha, na nyote mkadhani ni mzaha. Kosa nitalibeba mimi."

Akaapa kwa dini yake. Mama Luka alikuwapo. Akampikia uji.

Siku ya kuulizwa ilipokaribia, kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Goweko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe sema hukuambiwa. Kwani uongo? Utani ni maneno?"

"Aliniambia, kaka."

"Alikutania!"

"Maneno yalikuwa yale yale."

Mama Luka akadakia kwa ukali ambao sijapata kuusikia kwake. "Baba Luka, mtoto atalala wapi? Utamfunika kwa ukweli wako?"

Wenzangu wawili wa kiwanjani nao wakanitumia habari kwamba nitakalosema mimi, na wao watasema hilo hilo. Nikikana, watakana. Yaani mlango ulikuwa wazi! Ilibaki mimi kuinua ulimi tu. Nilifikiri sana. Nilijiuliza, je, huu ni uadilifu au ni ujinga? Mpaka leo sijapata jibu la kunitosheleza. Lakini Kondo alikuwa ameahidi. Mimi nitasema aliniambia, yeye atasema alivyoniambia, na maneno mawili yataunda ukweli mmoja. Ndivyo nilivyopanga.

Tukaingia ofisini. Nilikuwa na magongo mapya yanayonichoma kwapani. Bwana mkaguzi alikuwa mzee mwenye mvi, mpole, na karani Mwafrika akifasiri. Akaanza na Kondo. Akamwuliza kama aliwafundisha vibarua juu ya gurudumu lenye moto.

Kondo akasimama wima kama askari. "Ndiyo, bwana. Nimewafundisha mara nyingi."

"Maganga pia?"

"Maganga zaidi ya wote. Hata siku ile ile nilimwonya kwa sauti, mbele ya watu. Nilimwambia akimwaga maji atapoteza mguu."

Akavuta kiti, akakaa.

Nikamgeukia. Nilingoja amalizie. Nilimtazama kinywani, wasomaji, kama ndege mdogo anavyotazama kinywa cha mama yake. Lilibaki neno "lakini" tu. Lakini nilicheka. Lakini tunataniana. Lakini alidhani ni mzaha... Hakulisema! Alikuwa anatazama ukuta.

Kisha nikaulizwa mimi. Je, nyapara alikuambia usimwage maji?

Nikasema, "Aliniambia, bwana. Lakini aliniambia kwa utani."

Karani akafasiri. Mkaguzi akauliza utani ni nini. Karani akaeleza, na katika kueleza akatabasamu, na mkaguzi akatabasamu, nikaona wazi kwamba jambo langu limekuwa jambo la kuchekesha. Akaniuliza tena, polepole, kwa upole mkubwa. Maneno yenyewe uliyasikia? Nikasema niliyasikia. Uliyaelewa? Nikasema... ndiyo, niliyaelewa.

Wakamwuliza Kondo kama ana la kuongeza. Akasema hana.

Hana!

Ikaamuliwa kwamba nilionywa nikakaidi. Sitasema mkaguzi alikuwa mwovu. Aliuliza alichojua kuuliza. Chumba tukakihama kabla mwezi haujaisha. Mama Luka alifunga vyungu vyake. Akaenda kwao Lusu na mtoto, ati mpaka nitakapopata pa kukaa. Kaka yangu akanichukua Goweko. Mjini watu wakaanza kusema kuna kibarua mmoja alikatwa mguu kwa kiburi, alikatazwa akatukana.

Baba yangu mdogo, ambaye ni mtu wa baraza pale nyumbani, hakukubali. Akamwita Kondo mbele ya wazee. Nami nilifurahi! Nikasema sasa atalazimika kusema kama ilikuwa onyo au utani.

Kondo alikuja. Shikamoo kwa wazee, marahaba. Akaulizwa, wewe uliyepewa kazi ya kuwafundisha watu, mbona hukumwonya huyu kwa dhati? Mnajua alijibu nini? Aliinua mikono, akacheka kidogo, akasema, "Wazee wangu, si utani huo? Tangu lini mtani akashitakiwa kwa utani?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka. Kisha wote. Shauri likafutwa pale pale, na mtani akapewa kibuyu cha asali asiende mikono mitupu.

Mmeona, wasomaji? Mmeona? Ofisini kwa Wazungu maneno yale yalikuwa onyo. Barazani kwetu yakawa utani. Kinywa ni kile kile! Kote alitoka salama, na kote nilitoka mimi na hatia. Hajasema uongo hata mahali pamoja, na hilo ndilo linalonichemsha damu. Angesema uongo ningemshika. Nitamshikaje mtu aliyesema kweli nusu hapa na kweli nusu kule?

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Watani wakaja mazikoni, kama desturi. Kazi yao ni kuwachekesha wafiwa ili wasife kwa huzuni, na sikatai kwamba mara nyingi inasaidia. Kondo naye akaja na gari moshi kutoka mjini. Alipofika uani aliokota fimbo, akakunja mguu mmoja nyuma, akaanza kurukaruka mbele ya waombolezaji akipiga kelele, "Mama amkeni! Mwanenu Maganga kaja nusu, nusu nyingine ipo njiani!"

Uwanja mzima ulicheka. Shangazi zangu, waliokuwa wanalia, walicheka. Hata kaka yangu alifunika mdomo.

Mimi nilisimama. Nikamwambia, "Kondo, acha. Mimi na wewe si watani tena."

Kicheko kikafa. Hakuna mtu aliyepata kusikia neno kama hilo pale kwetu, tena msibani! Baba mdogo akaniita kando kwa hasira, akasema nimeiaibisha maiti ya mama yangu, utani ni wa makabila, si wangu mimi niuvunje. Nikatozwa mbuzi. Nikamtoa.

Lakini kabla ya hapo Kondo alinisogelea. Alikuwa ameshusha mguu wake chini, fimbo imening'inia. Akasema kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa, bila kicheko wala machozi, "Maganga, ningesema vile ulivyotaka wangenifukuza mimi. Nina watoto."

Ni kweli ana watoto. Nawajua kwa majina, na mkubwa wao nimembeba begani. Nikamwuliza jambo moja tu. "Kumbe unaweza kusema bila kucheka?"

Akaitupa fimbo chini. Akaenda zake stesheni.

Sasa naishi hapa Goweko. Nalima tumbaku kidogo kwa kukaa, nasogea kwa makalio kutoka mche hadi mche. Mama Luka amerudi, namshukuru, ingawa siku akinikasirikia bado anasema "wewe na ukweli wako". Kiwanjani, nasikia, Kondo bado ni nyapara. Ndege zinapita juu yetu, na Luka anakimbia nje kuzitazama, nami simkatazi.

Nimejiuliza sana kama hasira yangu ni ya haki. Labda na mimi ningemwuliza tena: Kondo, hili la kweli au la utani? Swali dogo tu! Halikunijia, kwa sababu kwetu ukimwuliza mtani swali hilo umeonekana mshamba asiyejua kucheka. Kwa hiyo lawama yote simpi. Nampa kubwa.

Wasomaji wenzangu, msiipite njia hii niliyoipita mimi. Ewe unayefanya kazi penye mashine, penye moto, penye mzigo mzito, ukisikia neno la hatari kutoka kwa mtu mcheshi, simama, mshike mkono, mwulize mpaka aache kucheka. Wakikuita mshamba, itika. Na wewe uliyepewa maarifa ya kuokoa watu, nakusihi, hata kama ni mtani wako, hata kama mmelala kitanda kimoja na kula chungu kimoja, siku ya neno hilo kausha uso. Mwambie kama unamgombeza. Mwache anune, akutukane, asikusalimie wiki nzima!

Na anune. Lakini atanuna akiwa amesimama.